UMEME: JINSI YA KUPIMA KAZI YA SHIRIKA NA SOKO LA KANDA (HIFADHI HII, UTAIHITAJI)

Leo hakuna umbea, leo ni darasa. Ukiwa na hela ya kuprinti, printi ukae nayo, maana ni ndefu kidogo.

Umeme ukikatika, kijiwe chochote kile, kiwe hapa Mlandege, Kihesa au Soweto kule Mbeya, mjadala ni ule ule. Huyu anasema maji yameisha bwawani. Yule anasema maji yapo, watu wanakula tu. Wa tatu anasema dawa ni kununua umeme nje, wa nne anasema kununua nje ni kuuza nchi. Kelele nyingi na namba hakuna.

Sasa namba zipo. Duniani kote mashirika ya umeme yanapimwa kwa vipimo vinavyojulikana, na hapa kwetu EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji iliyoanza kazi mwaka 2006, hutoa ripoti ya kila mwaka kuhusu umeme. Tatizo ni kwamba ripoti zile zimeandikwa kwa lugha ya wataalamu. Nimejaribu kuviweka vipimo vyenyewe hapa kwa Kiswahili cha mtaani, kimoja kimoja, na mifano ya kweli ya Tanzania na majirani.

Kanuni moja tu ushike kabla hatujaanza: KILA KIPIMO KINAJIBU SWALI MOJA TU. Mtu akikupa namba moja akasema "umeona, mambo safi", muulize hiyo namba imejibu swali gani, na ipi ameiacha.

1. KWA NINI SISI WA NYANDA ZA JUU KUSINI INATUHUSU

Simama darajani Ipogolo uangalie Ruaha Mdogo. Maji yale yanaungana na Ruaha Mkuu, yanaingia bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mtera kuna mashine mbili za megawati 40 kila moja, jumla 80, tangu mwaka 1988. Maji yakitoka hapo yanateremka mpaka Kidatu, Morogoro, kwenye megawati 204. Ruaha Mkuu wenyewe unatoka upande wa Mbeya, bonde la Usangu, kwenye mpunga. Kihansi, megawati 180, inatumia mto unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa. Na kuanzia mwaka 2024 maji hayo hayo ya Ruaha na Kilombero yanakwenda pia kuzungusha mashine za Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji.

Kwa hiyo mvua ya huku kwetu ni umeme wa nchi nzima. Na kuna sababu ya pili: waya wa kuunganisha Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika njia yake inapita Iringa, Mbeya na Tunduma. Hiyo nitaifikia namba 7.

2. KIPIMO CHA MTAMBONI

Neno tunalolisikia zaidi ni megawati. Megawati ni UWEZO, haina maana ya umeme uliotoka. Ni kama kusema gari lina uwezo wa spidi 180. Sawa, lakini leo limetembea?

Umeme uliotoka unahesabiwa kwa megawati-saa. Mtambo wa megawati 80 ukizunguka mwaka mzima bila kupumzika, saa 8,760, utatoa megawati-saa 700,800. Tuseme kwa mfano mwaka huo umetoa 350,400. Basi umefanya kazi nusu, asilimia 50. Hicho ndicho kipimo cha matumizi ya mtambo.

Kipo kingine jirani yake: mtambo ulikuwa TAYARI kufanya kazi kwa muda gani? Mashine inaweza kuwa nzima lakini maji hakuna. Au maji yapo lakini mashine iko chini, inasubiri spea. Afrika Kusini hiki kipimo kila mtu anakijua. Shirika lao, Eskom, lina mitambo mikubwa ya makaa ya mawe, lakini mwaka 2023 utayari wa mitambo yake yote kwa jumla ulishuka mpaka karibu asilimia 55. Makaa yalikuwepo, mitambo ilikuwepo, ila karibu nusu ya uwezo haikuwa tayari. Huo ndio mwaka walioonja mgawo mkali kuliko yote.

Kwa mabwawa yetu kuna kipimo cha ziada: kina. Mtera ikijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kina cha chini cha kufulia umeme ni mita 690. Kwa hiyo kila kitu kinachezeka ndani ya mita 8.5 tu! Halafu bwawa ni kama sahani, pana juu, jembamba chini. Mita moja ya juu ina maji mengi kuliko mita moja ya chini. Ukisikia "kina kimeshuka nusu", jua maji yenyewe yameshuka zaidi ya nusu.

Mwaka 2006 ukame ulibana mabwawa na nchi ikaingia kwenye mgawo mkubwa. Mwaka 2011 tena. Oktoba 2015 mabwawa yakakauka kiasi kwamba mitambo ya maji ikazimwa. Wenye umri wetu tunakumbuka vibatari.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 zote tisa zilikuwa tayari. Machi 2024, umeme ulizidi mahitaji mpaka vituo vitano vya maji vikazimwa kwa muda. Watu wakashangilia. Halafu tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ikapata hitilafu, sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Umeona? Megawati zilikuwepo za kumwaga, na giza likawepo. Kwa sababu megawati zinajibu swali la mtamboni tu. Swali la njiani hazijaligusa.

3. KIPIMO CHA NJIANI: UPOTEVU

Hesabu yake ni rahisi. Chukua umeme ulioingia kwenye nyaya, toa umeme ulioonekana kwenye mita za wateja. Unaobaki ndio uliopotea. Zikiingia uniti 100 na mita zikasoma 84, upotevu ni asilimia 16.

Unapotea kwa njia mbili:

a) Joto. Waya ukibeba umeme unapata moto, na huo moto ni umeme unaokwenda bure. Mzigo kwenye waya ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana njia ndefu zinajengwa za kilovolti kubwa: volti zikipanda, mkondo unapungua kwa umeme ule ule, na joto linapungua. Mbeya kwa miaka mingi imekuwa mwishoni mwa njia ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi. Mwisho wa waya mrefu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

b) Mikono ya watu. Kuchezea mita, kujiunganishia kinyemela, na kazi za vishoka. Hapa nawaambia ukweli wadau: umeme wa wizi haulipwi na shirika, unalipwa na jirani yako mwenye mita safi, kwa sababu bei hupangwa kwa kuangalia gharama zote.

Ripoti nzuri inatenganisha hizo mbili, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Ya kwanza inatibiwa na nyaya na vituo vya kupoza umeme. Ya pili inatibiwa na mita na ukaguzi.

Mfano wa kuigwa na wa kujihadhari ni Uganda. Kampuni ya Umeme ilipewa kazi ya kusambaza umeme kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005. Walipoanza, upotevu ulikuwa karibu asilimia 38. Zaidi ya theluthi! Mdhibiti wa Uganda akawa anawawekea lengo la upotevu, na wakilikosa, hasara ni yao wenyewe, hawaruhusiwi kuipakia kwenye bei ya mteja. Upotevu ukashuka mpaka karibu asilimia 16 au 17. Lakini wananchi na wanasiasa waliendelea kulalamikia bei mpaka mwisho. Mkataba ulipoisha tarehe 31 Machi 2025 kazi ikarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Serikali ikalipa fidia ya dola milioni 118, kampuni ikasema haitoshi. Kwa hiyo kipimo cha upotevu kilifaulu, kipimo cha bei kikaacha ugomvi. Swali moja, jibu moja.

4. KIPIMO CHA MLANGONI KWAKO

Hapa ndipo penye utamu, maana unaweza kupima mwenyewe. Wataalamu wanatumia vifupisho vitatu. Usiviogope:

SAIFI ni MARA NGAPI mteja wa kawaida amekatiwa kwa kipindi fulani.
SAIDI ni MUDA GANI kwa jumla amekaa gizani.
CAIDI ni kila ukikatika, kwa wastani UNACHUKUA MUDA GANI kurudi.

Tufanye mfano. Mtaa wa kufikirika una wateja 200. Kwa mwezi mmoja umeme ulikatika mara tatu. Kwanza wote 200, kwa saa 2. Pili wateja 50 tu wa upande mmoja, kwa saa 4. Tatu wote 200, kwa nusu saa.

Mara ngapi: 200 + 50 + 200 = 450. Gawa kwa wateja 200 = mara 2.25.
Muda gani: (200 x 2) + (50 x 4) + (200 x 0.5) = 700. Gawa kwa 200 = saa 3.5.
Kurudi: 3.5 gawa kwa 2.25 = saa 1 na dakika 33 hivi.

Mmemaliza darasa la saba, mnaweza. Sasa angalieni mitego iliyomo:

MTEGO WA KWANZA, wastani unaficha. Wale wateja 50 wa upande mmoja hawakukaa saa 3.5, walikaa saa 6 na nusu. Wenzao 150 walikaa saa 2 na nusu. Wastani umewachanganya wote ikaonekana sawa.

MTEGO WA PILI, asilimia inapendeza macho. Mtu akisema "huduma yetu inapatikana kwa asilimia 99", piga makofi halafu piga hesabu. Asilimia 1 ya mwaka ni saa 87.6. Hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu gizani.

MTEGO WA TATU, mara ngapi peke yake inadanganya. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, na Shirika la Umeme Zanzibar linanunua kwa jumla kutoka TANESCO. Desemba 2009 umeme huo ulikatika, na ukarudi Machi 2010. Ukihesabu mara ngapi, ni MARA MOJA. Ukihesabu muda, ni karibu miezi mitatu. Visima havikupampu, friji za samaki hazikugandisha, hoteli zikaishi kwa jenereta. Kebo mpya ya megawati 100 ikaja kuwekwa na kuanza kazi mwaka 2013. Ndiyo maana vipimo hivi vinasomwa pamoja, hakuna kinachojitosheleza.

MTEGO WA NNE, kuna vinavyoachwa nje. Katika hesabu za kimataifa, umeme kuzima na kuwaka ndani ya dakika chache kwa kawaida hauingizwi kwenye SAIFI wala SAIDI. Na ule kuzima-kuwaka, kuzima-kuwaka ndio unaoua kompyuta na friji! Pia "umeme mdogo", ule ambao taa inawaka kama mshumaa na mashine ya kuchomelea haishiki, kwenye hesabu hii mteja huyo yuko sawa kabisa, ana umeme. Hiyo inahitaji kipimo chake, cha volti. Kwetu volti za nyumbani zinatakiwa kuwa karibu 230.

5. KIPIMO CHA PESA

Shirika likikosa hela, halinunui transfoma. Kwa hiyo pesa lazima ipimwe. Vipimo ni viwili: kati ya umeme uliouzwa, pesa iliyokusanywa ni asilimia ngapi? Na bei ya uniti inatosha gharama ya kuileta?

Hapa kuna historia ya kwetu ambayo kila kijana angeijua. Mwaka 2002 serikali iliweka menejimenti ya TANESCO mikononi mwa kampuni ya Afrika Kusini, NetGroup Solutions. Malipo yao kwa sehemu yalitegemea mapato kuongezeka. Basi wakakaza. Wadaiwa sugu walikatiwa, hata ofisi za serikali. Makusanyo yakapanda kweli kweli. Kwa kipimo walichopewa, walifaulu.

Lakini mkataba uliobana pesa haukujenga bwawa wala kuleta mvua. Mwaka 2006 ukame ukaja, mgawo ukatandika, na mwisho wa mwaka huo mkataba wao ukaisha. Katikati ya mgawo huo serikali ikatafuta mitambo ya dharura, ikaja Richmond, mkataba wa megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Februari 2008 kamati ya Bunge, chini ya Mbunge wa Kyela Dk. Harrison Mwakyembe, ikatoa ripoti, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Mimi najifunza hivi: UNACHOPIMA NDICHO UNACHOPATA. Ukipima makusanyo tu, utapata makusanyo. Ukipima megawati za mkataba tu, utapata megawati za kwenye karatasi.

Kwenye mikataba ya mitambo ya watu binafsi kuna kitu cha kuangalia sana, malipo ya uwezo. Maana yake unalipia mtambo kuwepo, uwe umewaka au umezimwa, kama kukodi gari kwa siku hata kama umeliegesha. Si dhambi, nchi nyingi zinafanya hivyo. Ila kipimo cha kweli ni: ukijumlisha malipo yote, ukagawa kwa uniti zilizotoka, uniti moja imetugharimu ngapi?

Na kwako wewe wa LUKU? Bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016: mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti. Akizidi, zinazozidi ni shilingi 350. Mteja wa kawaida na biashara ndogo, shilingi 292. Juu yake weka kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, nishati vijijini asilimia 3, na EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Ndiyo maana uniti ya 100 inakuwa 122, na uniti 75 zinapatikana kwa 9,150. Ile ya 292 inakuwa 356.24, kwa hiyo elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi ukaona zimepungua, kumbuka kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu 2021. Jirani anayepata uniti nyingi kuliko wewe hajaroga mita. Yuko kundi lingine.

6. KIPIMO CHA NANI AMEPATA

Hiki nacho kina mtego wake. Kuna KUFIKIWA na kuna KUUNGANISHWA. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019/20 ulionyesha asilimia 78.4 ya Watanzania wamefikiwa, yaani wanaishi karibu na miundombinu ya umeme. Lakini kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7. Utafiti mmoja, mwaka mmoja, namba mbili, na zote za kweli! Nguzo inaweza kupita mbele ya mlango wako ukaendelea kuwasha koroboi kwa sababu huna hela ya kufanya waya.

Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza 2007 umefanya kazi kubwa ya kupeleka nyaya vijijini, hilo halina ubishi. Ila ukisikia "kijiji kina umeme", swali la pili liwe: nyumba ngapi? Mashine ya kusaga inawaka? Zahanati je?

Na umeme si lazima utoke kwenye shirika kubwa tu. Hapa kwetu Mufindi upo mtambo wa Mwenga, megawati 4 za maji, tangu 2012. Unapeleka umeme vijijini na unaobaki unauzwa kwenye gridi ya Taifa. Wakubwa na wadogo wapimwe kwa rula ile ile.

7. SOKO LA KANDA

Haya, sasa tutoke nje ya mipaka. Kuna umoja wa mashirika ya umeme Kusini mwa Afrika, SAPP, uliozaliwa 1995, ofisi zake ziko Harare. Upo wa Mashariki, EAPP, wa mwaka 2005, makao yake Addis Ababa. Tanzania ni mwanachama wa yote miwili.

Kwa nini nchi ziuziane? Kwa sababu mvua hazinyeshi pamoja. Ethiopia mvua zake kubwa ni Juni mpaka Septemba, wakati huku Iringa na Mbeya vumbi linatimka. Sisi zetu ni Novemba mpaka Aprili. Mmoja akikauka, mwingine amejaa. Biashara yenyewe si ngeni: Kenya imenunua umeme wa Uganda tangu miaka ya 1950. Na sisi, mkoa wa Kagera umetumia umeme wa Uganda kwa miaka mingi, Sumbawanga ukatoka Zambia.

Soko la SAPP lilianza kuuza umeme wa kesho yake, saa kwa saa, mwaka 2009. Linafanya kazi kama mnada wa mahindi, tofauti kidogo tu. Mfano wa kufikirika: kwa saa moja ya kesho, A anauza megawati 100 kwa senti 3, B anazo 100 kwa senti 5, C anazo 100 kwa senti 9. Wanunuzi wanataka 180. Wanachukuliwa wa bei rahisi kwanza: A wote, B 80, C anakosa. Bei ya saa hiyo inakuwa senti 5, na A naye analipwa hiyo hiyo 5. C akitaka kuuza, apunguze gharama zake.

Sasa soko kama hili linapimwaje? Maswali matano:

i) Waya upo, na unabeba kiasi gani? Bila waya, soko ni hadithi.
ii) Kilicholetwa sokoni na kilichouzwa vinalingana? Wakati mwingine muuzaji yupo, mnunuzi yupo, bei wamekubaliana, lakini waya umejaa. Ukiona hivyo mara kwa mara, tatizo lipo njiani.
iii) Wauzaji ni wangapi? Akiwa mmoja anayetawala, bei ni yake.
iv) Wanunuzi wanalipa kwa wakati? Deni la umeme kati ya nchi na nchi linaleta uhasama haraka.
v) Siku ya shida, jirani anakusaidia au naye anazama? Ukame wa 2024 uliikausha Kariba, Zambia ikaingia kwenye mgawo mbaya sana. Majirani wote wakitegemea mto mmoja, soko haliwaokoi. Wanaookoana ni wenye mvua tofauti na mitambo tofauti.

Upande wa kaskazini waya umeshafika. Ethiopia na Kenya zimeunganishwa na njia ya kilovolti 500 yenye uwezo wa megawati 2,000, na Kenya ilianza kununua Novemba 2022, megawati 200. Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 ya Kenya na Tanzania, kupitia Namanga mpaka Singida, ikawashwa. Machi 2025 Rais Samia akasema nchi itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wakauliza: tuna bwawa jipya, tunanunua wa nini? Jibu alilotoa lilikuwa la kipimo namba 3: kuusafirisha umeme kutoka huku kusini mpaka kaskazini kunapoteza shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Mimi sisemi ni uamuzi mzuri au mbaya. Nasema sasa unajua maswali. Uniti ya Ethiopia inafika Kilimanjaro kwa bei gani? Ule upotevu umepungua kiasi gani baada ya kununua? Wetu uliobaki tunamuuzia nani? Majibu hayo yakiwekwa wazi, ubishi wa kijiweni unakwisha.

Na upande wa kusini ndio sisi. Iringa, pale Tagamenda, ndipo inapoanzia njia ya kilovolti 400 iliyokamilika 2016, kilomita 670, kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga. Kutoka hapo hapo mradi wa kuunganisha na Zambia unapita Kisada, Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 455. Ndio unaounganisha masoko mawili, la Mashariki na la Kusini. Na mkopo ni wetu, tutaulipa sisi na watoto wetu. Mbeya haitakuwa tena mwisho wa waya, itakuwa katikati. Faida au hasara yake itaonekana kwenye vipimo hivi hivi.

8. DAFTARI LAKO

Mwisho, kazi ya nyumbani. Chukua daftari la kurasa 40. Chora safu tano: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, walioguswa (nyumba yako tu, mtaa, au mji mzima), na kama tangazo lilitoka kabla. Kuzima-kuwaka kwa dakika chache andika pembeni, usiviache. Mwenye kipima volti cha fundi aandike na volti za saa 2 usiku, wakati wote wamewasha.

Fanya mwezi mmoja. Watu watano wa mitaa tofauti wakifanya, mna ripoti. Ukipeleka malalamiko ofisini useme "umeme unakatika sana", utajibiwa "tunashughulikia". Ukipeleka karatasi yenye tarehe, saa na muda, ni vigumu kukujibu hewani. Usiporidhika, EWURA wanapokea malalamiko, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji kwa ajili hiyo. Na uwe mkweli: mwezi ukiwa mzuri, andika kuwa ulikuwa mzuri. Daftari linalolalamika tu haliaminiki.

Kwa kifupi, ukiambiwa shirika linafanya vizuri, uliza sita: mtambo ulikuwa tayari? Njiani umepotea kiasi gani? Kwangu umekatika mara ngapi na kwa muda gani? Uniti imegharimu ngapi? Nani bado hana? Jirani tunauziana kwa faida ya nani?

Anayejibu yote sita, mpe heshima yake. Anayejibu moja, mwambie tunasubiri tano.

Haya wadau, mwenye hesabu ya mtaa wake aiweke hapo chini tuilinganishe. Matusi sitaki, namba nataka. Tuko pamoja.